Kanzu Iliyobana: Historia ya Kuvishana Katika Uislamu na Pwani Yetu





Kila mwaka likifika kumi la mwisho, mambo huwa mawili. Usiku misikiti inajaa watu wanaoutafuta Lailatul Qadr, na mchana maduka yanajaa watu wanaotafuta nguo za Idi. Mtoto lazima apate kanzu mpya, kofia mpya, makubadhi mapya. Binti naye anataka gauni, ushungi wa kufanana nalo na bangili za kujaza mkono. Hayo si mabaya, ni furaha ya sikukuu. Lakini hebu rudi nyumbani ufungue kabati. Utaikuta kanzu ya mwaka jana imekunjwa vizuri. Gauni la mwaka juzi liko chini yake, na kizibau kile kilichogharimu pesa nyingi kiko pembeni. Nguo hizi hazikuchakaa. Mtoto ndiye aliyekua.

Tupige hesabu kidogo. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355. Nguo ya Idi huvaliwa siku ya kwanza ya Mfungo Mosi, kisha huvaliwa tena Idi ya Mfungo Tatu, baada ya siku kama 70 hivi. Ongeza harusi moja, ongeza Maulidi, pengine na Ijumaa mbili tatu. Baada ya hapo mikono ya kanzu imepanda juu ya vifundo na gauni limebana kifuani. Inarudi kabatini kukaa mpaka iliwe na nondo. Na mtaa wa pili, ndugu yangu, kuna mtoto ambaye asubuhi ya Idi mamake anamwambia, "Ngoja kwanza, usitoke sasa." Anangoja watu wapungue njiani, kwa sababu nguo aliyo nayo ni ile ile ya chuoni.

Kanzu iko hapa na mtoto yuko pale. Waislamu waliotutangulia, na wazee wetu wa pwani hii, walifanya nini katika mambo ya kuvishana? Tuitazame historia, kwa sababu ina mengi ya kutufundisha, na mengine yanauma.

VAZI LINA KAZI MBILI

Katika Suratul A'raf, aya ya 26, Allah anawakumbusha wanadamu kwamba amewateremshia mavazi yenye kazi mbili, kuwasitiri uchi wao na kuwa pambo. Kisha anatufahamisha kwamba vazi la ucha Mungu ndilo bora kuliko yote. Hapa tutulie kidogo. Wengi wetu tukitoa nguo huikumbuka kazi ya kwanza tu. Tunasema, "Bora asitirike." Fulana iliyopauka inasitiri, suruali yenye kiraka inasitiri. Lakini pambo nalo limetajwa katika Qur'ani kuwa ni neema, na siku ya Idi mtoto anataka kupendeza kama wenzake. Anataka kile kile unachomtakia mwanao.

Desturi ya kujipamba kwa Idi ni ya tangu zama za Mtume (S.A.W.). Imam Bukhari amepokea kutoka kwa Abdullah bin Umar kwamba babake, Sayyidna Umar, aliliona joho la hariri likiuzwa sokoni. Akalipeleka kwa Mtume, akamshauri alinunue ajipambe nalo siku ya Idi na anapopokea wajumbe. Mtume alilikataa kwa sababu ni hariri, ambayo wanaume wameharamishiwa. Wanavyuoni wakaona kwamba lililokataliwa ni hariri. Kujipamba siku ya Idi hakukukatazwa.

Kisa hakikuishia hapo. Baadaye Mtume alimpelekea Umar joho la hariri. Umar akashangaa, vipi ananipa kitu alichokikataa? Mtume akamfahamisha kwamba hakumpa ili alivae mwenyewe. Katika riwaya moja, Umar alimvisha nduguye aliyekuwa Makka, naye wakati huo alikuwa bado hajasilimu. Tunachukua mafunzo mawili. Kwanza, nguo usiyoweza kuivaa wewe haijamaliza kazi yake duniani. Pili, zawadi ya nguo haikufungiwa mlango wa dini. Jirani yako asiyekuwa Mwislamu naye ana haki ya ujirani.

MTOTO ALIYEVISHWA NA MTUME

Kuna kisa kingine ambacho kila mzazi angepaswa kukijua. Mtume (S.A.W.) aliletewa nguo, na ndani yake mlikuwa na shuka ndogo nyeusi yenye nakshi. Ilikuwa ndogo, si ya mtu mzima. Akawauliza maswahaba wake, mwaonaje, tumvishe nani hii? Watu wakanyamaza. Akasema aletwe Ummu Khalid. Akaletwa amebebwa, kwa sababu alikuwa bado mtoto mdogo.

Huyu Ummu Khalid ni binti wa Khalid bin Said, mmoja wa Waislamu wa mwanzo waliohamia Habasha. Alizaliwa huko huko Habasha, katika nchi ya Afrika, wazazi wake wakiwa wakimbizi. Alipokuja Madina alikuwa mgeni wa mji. Mtume akaichukua ile shuka akamvisha kwa mkono wake mwenyewe, akamuombea aishi aivae mpaka ichakae. Kisha akaitazama ile nakshi, akamwambia kwa lugha ya Kihabeshi kwamba ni nzuri. Neno alilolitumia ni "sanah". Hakumwambia kwa Kiarabu. Alitumia neno la nchi aliyozaliwa, neno ambalo mtoto yule alilizoea masikioni. Kisa hiki kimo katika Sahih Bukhari, na mwenyewe Ummu Khalid ndiye aliyekisimulia alipokuwa mkubwa.

Tuzame ndani ya kisa hiki, ndugu msomaji. Nguo ilikuwa ndogo, ikatafutiwa anayeienea. Hakutangaziwa mtu kwamba huyu ni maskini. Mtoto aliitwa kwa jina lake, akavishwa, na akasifiwa uzuri wa nguo yake. Na alikumbuka mpaka uzeeni! Watoto hawasahau siku waliyovishwa vizuri. Na siku waliyoaibishwa pia hawaisahau.

MARUNDO MAWILI MSIKITINI

Katika Sahih Muslim, Jarir bin Abdillah anasimulia asubuhi moja walipojiwa na watu, wengi wao wa kabila la Mudhar. Walikuwa pekupeku na karibu uchi, wamejifunika vipande vya sufi vilivyotobolewa katikati kupitisha kichwa. Mtume alipouona ufukara wao uso wake ulibadilika. Akaingia ndani, akatoka, akamuamuru Bilal aadhini. Wakaswali, kisha akahutubia watu watoe. Mwenye dinari atoe, mwenye dirham atoe, mwenye nguo atoe, mwenye ngano atoe, mwenye tende atoe, hata kama ni nusu ya tende.

Akaja mtu mmoja katika Answari amebeba mfuko ambao mikono yake ilikuwa karibu kushindwa nao. Watu wakafuata mmoja baada ya mwengine, mpaka Jarir akaona marundo mawili, la chakula na la nguo. Uso wa Mtume ukang'ara kama uliopakwa dhahabu. Hapo ndipo alipotoa ile hadithi mashuhuri, kwamba anayeanzisha mwendo mwema katika Uislamu hupata ujira wake na ujira wa kila atakayeufuata. Wengi wetu tunaijua hadithi hii, lakini tumesahau kwamba ilitoka siku ya chakula na nguo.

Rundo la nguo halikuwa chini ya rundo la chakula. Na Qur'ani inaonyesha uzito huo huo. Katika Suratul Maida, aya ya 89, aliyevunja kiapo anatakiwa kulisha maskini kumi, au kuwavisha, au kumuacha huru mtumwa. Kuvisha watu kumewekwa mstari mmoja na kumtoa mtu utumwani. Tuliweke hili akilini, tutalirudia mbele kidogo.

SULTANI WA KILWA ALIYEVULIWA NGUO

Sasa tuje kwetu. Mwaka 1331 msafiri maarufu Ibn Battuta wa Morocco alishuka pwani hii. Mogadishu alikaribishwa kwa kuvishwa. Alipewa kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho na kilemba. Vitambaa vya Mogadishu vyenyewe, anasema, vilikuwa vikisafirishwa mpaka Misri. Akapita Mombasa akalala usiku mmoja, kisha akaenda Kilwa, ambako sultani alikuwa al-Hasan bin Sulaiman. Watu walimpa jina la Abul Mawahib, yaani baba wa vipawa, kwa jinsi alivyokuwa akitoa.

Ijumaa moja, Ibn Battuta akiwapo, sultani alitoka msikitini akielekea nyumbani. Fakiri mmoja kutoka Yemen akamsimamisha njiani, akamuomba nguo alizovaa. Sultani akakubali. Fakiri akasema anazitaka saa hiyo hiyo. Sultani hakukasirika. Alirudi msikitini, akaingia nyumba ya khatibu, akabadilisha nguo, kisha akamwita fakiri aingie azichukue. Yule bwana akazifunga kitambaani, akazitwika kichwani, akaenda zake. Watu wakausifu sana unyenyekevu wa mfalme wao.

Tazama adabu iliyomo. Nguo ilikuwa ile aliyoivaa yeye mwenyewe kwa swala ya Ijumaa, nguo bora ya wiki nzima. Haikutolewa mbele za watu barabarani. Ilitolewa ndani ya nyumba, kwa sitara. Na haikucheleweshwa. Mambo matatu haya, ubora, sitara na wakati wake, ndiyo tutakayoyahitaji sisi na makabati yetu.

Lakini historia haitaki tuchague pande nzuri tu. Mtoto wa sultani alimfuata fakiri, akazirudisha zile nguo, na badala yake akampa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyomsifu, aliamrisha apewe watumwa kumi wengine na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Yaani vazi la mtu mmoja lilibadilishwa na roho za watu. Ibn Battuta ametueleza sultani alivua nini na akavaa nini. Wale ishirini walikuwa wamevaa nini? Hakuandika, na huenda hakuna aliyeuliza.

Baada ya Abul Mawahib kufariki, nduguye Daud alitawala, naye alikuwa kinyume chake. Akijiwa na muombaji alimwambia kwamba aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha kitu cha kutoa. Hivyo ndivyo desturi njema inavyokufa. Haihitaji adui. Inatosha mrithi mmoja kusema, "Huyo aliyekuwa akifanya hayo hayuko tena."

KANIKI, KOFIA NA UHURU

Tuvuke mpaka karne ya 19. Wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikuwa wakifika Unguja kwa majahazi yao, na mwaka 1833 Sayyid Said aliwekeana mkataba wa biashara na Marekani. Walileta kitambaa cheupe cha pamba kisichotiwa rangi, ambacho mpaka leo wazee wanakiita merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoizuka Marekani mwaka 1861 kitambaa hicho kikaadimika, na vitambaa vya Uingereza na India vikapata nafasi zaidi. Merikani iliyotiwa rangi nzito ya nili ikawa kaniki.

Merikani na kaniki ndizo zilizokuwa nguo za watumwa katika miji na mashamba ya pwani. Ilikuwa vazi la kukutambulisha. Mtumwa mwanamume hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mwanamke mtumwa hakuachiwa kujifunika kichwa kama mwanamke muungwana. Na wengi wao walikuwa Waislamu, wanaswali qibla kimoja na mabwana zao! Qur'ani imekuweka kuvisha na kukomboa mstari mmoja, na watu wakayakosa yote mawili. Hilo ni jeraha la historia yetu, na si vizuri kulifunika.

Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Na jambo moja lililoonekana haraka huko Unguja lilikuwa ni nguo. Walioachwa huru waliitupa kaniki. Wanawake wakavaa leso za rangi na maua, na baadaye buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Mtu aliyekuwa jana hana ruhusa ya kuweka kofia kichwani, leo alikwenda nayo msikitini. Kwao nguo ya sikukuu haikuwa anasa wala maringo. Ilikuwa ni kusema, "Na mimi ni mtu."

Kwa hivyo usishangae mama asiye na kitu akikopa mwezi mzima ili mwanawe avae kanzu siku ya Idi. Wengine humcheka, ati ana israfu. Hajui kuitaja historia hiyo yote, lakini anaijua moyoni. Anajua kwamba pwani hii mtu husomwa nguo zake kabla hajafungua mdomo.

LESO, PINDO NA CHEREHANI

Leso yenyewe ina historia ya kuunganishwa. Jina limetokana na neno la Kireno la kitambaa cha mkono. Mwishoni mwa karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa katika jora, wakakata sita, wakavishona pamoja, vitatu juu na vitatu chini, ikawa shuka moja. Wafanyabiashara wakaiona biashara, wakaanza kuagiza shuka nzima zilizopigwa chapa. Hapa Mombasa duka la Kaderdina Hajee Essak, linalojulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", lilianza mwaka 1887, na leso zake zimefungwa viunoni mwa vizazi na vizazi.

Leso huuzwa kwa doti, yaani mbili mbili. Kina mama walitambua zamani kwamba kitu cha jozi ni rahisi kugawana. Leso ikichakaa haikutupwa. Ilikuwa mbeleko, ikawa nepi, ikawa kitambaa cha jikoni. Na nguo za watoto zilishonwa kwa akili hiyo hiyo. Fundi mzoefu huacha pindo pana chini na nafasi kidogo ubavuni, ili mwaka ujao ifumuliwe iteremshwe. Mkubwa akiivua, mdogo anaivaa. Mdogo akiivua, inavuka ukuta kwenda kwa binamu. Hakuna aliyeita sadaka. Lilikuwa jambo la kawaida la watu waliojuana.

Siku hizi mambo yamebadilika. Nguo nyingi zinakuja zimeshonwa tayari, pindo nyembamba, na kila mtoto ananunuliwa yake. Familia zimetawanyika. Binamu yuko Nairobi, mwengine Mlango wa Papa, mwengine Ughaibuni. Ukuta wa kuvusha nguo haupo tena. Jirani wa ghorofa ya juu hatumjui jina, sembuse urefu wa kanzu ya mwanawe. Kwa hivyo nguo zimebaki kabatini. Roho zetu hazikuwa mbaya. Njia ndiyo iliyokatika.

FUNZO LA MITUMBA

Wengine watauliza, "Lakini si mitumba ipo? Kila mtu anaweza kununua." Ni kweli ipo. Biashara ikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na marobota yakajaa Gikomba kule Nairobi na Kongowea hapa Mombasa. Familia nyingi za Kenya, Waislamu na wasio Waislamu, zimevaa kwa heshima kwa sababu ya mitumba. Basi wacha iondoke aibu ya kusema nguo iliyovaliwa na mwengine haivaliki. Wengi wetu tunaivaa.

Lakini mitumba ina funzo jengine. Nguo nyingi kati ya hizo zilitolewa bure na wenyewe huko Ulaya na Marekani, wakidhani zinamwendea maskini moja kwa moja. Zikachambuliwa, zikapimwa kwa kilo, zikafungwa, zikauzwa, zikapanda meli, zikauzwa tena. Ndugu zetu wa Tanzania waliwahi kuziita "kafa Ulaya", yaani nguo ya mtu aliyefia huko. Jina hilo lina mzaha, lakini pia lina uchungu. Ni nguo isiyokuwa na salamu. Aliyeitoa hamjui aliyeivaa, na aliyeivaa hana wa kumuombea dua ila maiti wa kubuni.

Na kanzu ya Idi haipatikani kwa urahisi ndani ya robota la kutoka Ulaya. Huko hawavai. Kanzu ndogo, kofia ya vito ya kichwa cha mtoto wa miaka mitano, gauni refu la mikono mirefu lenye ushungi wake, hivyo vimo katika makabati yetu sisi. Tukivikalia, hakuna meli itakayoleta.

TUTOE VIPI?

Sasa tuyachukue yale mambo matatu ya Kilwa, ubora, sitara na wakati, tuyaweke katika kazi.

Ubora. Suratul Baqara, aya ya 267, inatuonya tusikusudie kutoa kibovu ambacho sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Kipimo ni hicho, hakuna kingine. Ishike nguo, jiulize, "Ningeletewa mwanangu hii asubuhi ya Idi ningefurahi?" Kama jibu ni hapana, hiyo ni ya kupangusia sakafu, usiipeleke kwa mtu. Kama ni ndiyo, ifue, ipige pasi, rudisha kifungo kilichokatika, badilisha zipu. Kamilisha vazi. Kanzu iende na kofia, gauni liende na ushungi. Ukiweza kuongeza jozi ya makubadhi mapya au bangili, umefanya vizuri zaidi. Na katika Suratu Aali Imran, aya ya 92, tumefundishwa kwamba wema kamili haufikiwi mpaka mtu atoe katika anavyovipenda. Ile nguo unayoionea huruma kuitoa kwa sababu mtoto alipendeza nayo, hiyo ndiyo.

Sitara. Aya ya 264 ya Suratul Baqara inatukataza kuibatilisha sadaka kwa kusimanga na kumuudhi aliyepewa. Zamani masimango yalikuwa ya mdomo. Leo yako kwenye simu. Mtoto anapangwa mstari, anakabidhiwa kanzu, anapigwa picha, na kabla ya swala ya Idi mtaa mzima umeshaiona. Keshokutwa anavaa kanzu ile, wenzake wanamwambia, "Hiyo si yako." Tumemvisha au tumemvua? Vijana wa jumuia, tusifanye hivi. Peleka kwa imamu, kwa mwalimu wa madrasa, au kwa mama mmoja mtaani anayejua hali za watu na anayejua kunyamaza. Mfuko uandikwe umri na kimo tu, "mvulana, miaka 7", bila jina la mtoaji. Au panga nguo chumbani zimetundikwa, waje wazazi wachague wenyewe kwa wakati wao. Mtu akichagua, ni yake.

Wakati. Zakatul Fitri ilifaradhishwa mwaka wa 2 wa Hijria, na tumeamrishwa itolewe kabla watu hawajatoka kwenda kuswali Idi, ili maskini naye aingie siku hiyo akiwa na chake. Nguo iige mwendo huo. Nguo inayofika Idi mosi jioni imekosa saa yake. Usingoje hata kumi la mwisho. Toa Shaaban au kumi la kwanza, ili anayepokea apate nafasi ya kumpelekea fundi aipunguze au aiteremshe pindo. Na tuelewane hapa, nguo haichukui nafasi ya Fitri. Fitri ni chakula, pishi yake iko pale pale kwa kila mtu wa nyumbani mwako. Nguo ni sadaka juu yake.

Kuna moja la mwisho, nalo ni la mtoto mwenyewe. Usiitoe nguo yake akiwa amelala. Muite, mueleze, muache aikunje yeye. Kama nguo ni zawadi aliyopewa na nyanya yake, basi ni mali yake, na kabla ya kuitoa muulize maalim wako hukumu yake. Mtoto aliyekunja kanzu yake kwa mkono wake ili mwenziwe avae, amesoma darasa la zaka kabla hajafika kiyama cha mitihani. Asipotaka mwaka huu, mwachie, muulize mwakani. Atakuwa amekua zaidi.

TUSIWE DAUD

Ndugu msomaji, wazee wetu wana msemo, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yule Answari aliyebeba mfuko hakungoja tajiri wa Madina aanze. Alibeba, mikono ikatetemeka, na nyuma yake watu wakafuata mpaka marundo yakapanda. Msikiti wenu hauhitaji kamati kubwa wala harambee. Unahitaji mtu mmoja wa kubeba mfuko wa kwanza. Huenda ikawa ni wewe.

Kesho kutwa Inshaallah tutasikia takbira. Watoto watatoka, watapokea mkono wa Idi, watapanda pembea. Uwanja utajaa kanzu nyeupe, na hutaweza kutambua ni ipi imetoka dukani wiki iliyopita na ni ipi imetoka kabatini kwako. Hivyo ndivyo inavyotakiwa iwe. Wewe utajua, na Allah atajua, na inatosha.

Tunamuomba Allah (S.W.T.) azitakabali funga zetu na swala zetu, awasitiri watoto wetu na watoto wa wenzetu kwa mavazi ya dunia na kwa vazi la ucha Mungu, na asitujaalie kuwa miongoni mwa wanaosema kwamba mtoaji amekufa. Amin.

Wabillahi tawfiq. Idi Mubarak.